Core i7 ya laki nane na nusu au i5 ya milioni moja na laki saba: nichukue ipi kwa gemu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Tanga na nimekusanya milioni moja na nusu ya kununua kompyuta ya mezani ya gemu. Monita ninayo, inchi 22, ina HDMI. Kaka yangu anaishi Dar, Jumamosi ataenda Kariakoo kunichukulia. Winga ameshampeleka maduka mawili. La kwanza wana Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, Core i7, RAM GB 16, SSD GB 256, na wameichomekea kadi ya GT 730 ya GB 4. Sh 850,000, wanasema inapiga gemu zote. La pili wana mashine ya kioo na mataa, wameiunga wenyewe dukani: Core i5-10400F, RAM GB 8, SSD GB 512, kadi ya GTX 1660 Super. Wanataka Sh 1,700,000. Nacheza FC 24 na GTA V, na wenzangu hosteli wananivuta kwenye Valorant. Kaka anasema i7 ni kubwa kuliko i5, RAM ni mara mbili, na chenji inabaki. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba. Chukua ya pili, kwa sharti kwamba kaka yako ataifungua ubavu na kuikagua kabla hajatoa hata shilingi. Ya kwanza waachie, hata wakikushushia mpaka laki sita.

Hesabu ya kaka yako ni ya mtu anayenunua kompyuta ya ofisi, na kwa ofisi yuko sahihi kabisa. Ukifungua Excel, PDF za mihadhara na tabo thelathini za kivinjari, zinazobeba mzigo ni prosesa na RAM. Kwenye gemu, prosesa inapiga hesabu za mchezo: nani yuko wapi, mpira unaelekea wapi, gari linakata kona vipi. Kuchora vyote unavyoviona, mara sitini kwa sekunde au zaidi, ni kazi ya kadi ya grafiki. Kadi ikiwa dhaifu prosesa inabaki kuisubiri, iwe i7 au i9. Ndiyo maana mtu akiniletea mashine mbili za gemu nizilinganishe, naanza na kadi, nakwenda kwenye pawa saplai, halafu ndiyo nauliza prosesa. Wauzaji wa madukani wanaanza na prosesa kwa sababu ndiyo yenye stika mbele.

Tuanze na hiyo GT 730. Ni kadi iliyotoka mwaka 2014, ya kumpa mtu wa ofisi sehemu ya kuchomekea monita ya pili. Nvidia waliacha kutoa draiva za gemu kwa kizazi chake tangu 2021. FC 24 yenyewe imeandikwa kwamba kiwango chake cha chini kabisa ni GTX 1050 Ti, na GT 730 iko mbali sana chini ya hapo. Sasa utasema, lakini ina GB 4. Hizo GB 4 ndizo zinazouza kadi hizi. Aina nyingi za GT 730 zinatumia kumbukumbu ya DDR3 kwenye njia ya biti 64, na kasi yake ni GB 14.4 kwa sekunde. GTX 1660 Super ina GB 6, lakini ni GDDR6, na kasi yake ni GB 336 kwa sekunde. Hiyo GT 730 ni ghala kubwa lenye mlango wa kupita mtu mmoja. Ukisikia muuzaji anataja GB za kadi bila kutaja jina la kadi, jua kuna kitu anakipita pembeni.

Upande wa i7 nao, usiishie kwenye herufi na namba moja. Angalia tarakimu zinazofuata. Toa tatu za mwisho, zinazobaki ndizo kizazi: i7-3770 ni kizazi cha 3, i5-8500 ni cha 8, i5-10400F ni cha 10. OptiPlex 7010 nyembamba yenye i7 kwa bei hiyo karibu hakika ni i7-3770, prosesa ya mwaka 2012 yenye kori nne (vichwa vya kupiga hesabu) na nyuzi nane (kazi inazoshika kwa wakati mmoja). i5-10400F ya mwaka 2020 ina kori sita na nyuzi kumi na mbili. Hata i3-10100, ambayo kaka yako asingeigusa, ina kori nne na nyuzi nane kama hiyo i7, na kila kori ni ya kisasa zaidi. Tena kuna gemu mpya kadhaa zinazokataa kabisa kufunguka kwenye prosesa za kizazi cha 3, kwa sababu zinatafuta amri za AVX2 ambazo Intel waliziingiza kuanzia kizazi cha 4.

Hapa pana mtego mwingine wa jina. Mwaka 2023 Dell walitoa tena kompyuta wakaiita OptiPlex 7010, safari hii ya kizazi cha 13. Mbili hizo hazina uhusiano wowote zaidi ya namba. Winga akimwonyesha kaka yako ukurasa wa mtandaoni wenye sifa nzuri za "7010", aulize ni ya mwaka gani, halafu aangalie prosesa ndani ya mashine yenyewe.

Pengine unawaza: nichukue ya laki nane na nusu, kisha mbele ya safari nitaibadilishia kadi. Hapo ndipo mashine nyembamba zinapowaumiza watu. Kesi yake haiingizi kadi ya kimo cha kawaida, inataka ile fupi tu. Pawa saplai yake ni ya wati 240 na haina waya wa kulisha kadi, na umbo lake ni la Dell wenyewe, huwezi kuingiza ya dukani. Ukibadilisha kesi utabadilisha pawa saplai, na ukishafika hapo umeshanunua kompyuta nyingine.

Sasa hiyo ya kioo. Kwenye karatasi inafaa. GTX 1660 Super ilitoka mwishoni mwa 2019 na kwa monita ya 1080p inachezesha FC 24, GTA V ya zamani na Valorant bila kuhema. GTX 1660 ya kawaida, ambayo iko chini yake, ndiyo waliyoiandika waliotengeneza FC 24 kwenye kiwango kinachopendekezwa. Tatizo la mashine zilizoungwa dukani ni vitu ambavyo havimo kwenye tangazo, na cha kwanza ni pawa saplai.

Kaka yako afungue kioo cha ubavuni, au kifuniko cha upande wa pili pawa saplai ilikojificha, asome stika yake. Kuna maandishi makubwa, "500W" au "600W", hayo ayaruke. Chini yake kuna jedwali dogo lenye safu ya +3.3V, +5V, +12V na nyingine. Atafute safu ya +12V, aone ni ampea ngapi, azidishe kwa 12. Kadi na prosesa zote zinakula kwenye safu hiyo, kwa hiyo jibu analolipata ndilo wati zenye maana. Nimeshaona za "500W" ambazo +12V ni ampea 18. Mara 12 ni wati 216. Iliyo ya kweli ya 450W ina ampea 34 hadi 37 hivi, yaani zaidi ya wati 400. Mashine yako inataka kiasi gani? Kadi ni wati 125, prosesa ni 65 kwa kawaida na ikibanwa hupanda vizuri tu juu ya hapo, ongeza mazabodi, feni na diski. Wati 250 hadi 300 inapofanya kazi kwa bidii. Ukiipa ile ya 216 itawaka vizuri dukani, itafungua Windows, itacheza hata video ya YouTube. Itakuja kuzima yenyewe katikati ya mechi ukiwa nyumbani. Na pawa saplai za namna hiyo zinapokufa, mara nyingine hazifi peke yake.

Aangalie pia waya unaoingia kwenye kadi. GTX 1660 Super nyingi zina tundu moja la pini nane. Waya huo unatakiwa utoke moja kwa moja ndani ya pawa saplai. Akiona umeungwa na kile kiunganishi kinachoanzia kwenye plagi ya pini nne za hadidiski za zamani, hiyo pawa saplai haikukusudiwa kulisha kadi. Aombe wabadilishe, alipe tofauti, au aondoke.

Halafu kadi yenyewe. Kuna kadi feki sokoni: kadi ya zamani kabisa ambayo BIOS yake, yaani programu yake ya ndani, imeandikwa upya ili Windows iisome kama GTX 1050 Ti au nyingine yenye jina. Task Manager haitamsaidia, itasoma jina lililodanganywa. Mwambie aende na flashi yenye programu za GPU-Z (inasoma kadi), CPU-Z (inasoma prosesa na RAM) na CrystalDiskInfo (inasoma diski); zote ni za bure na zina toleo lisilohitaji kuwekwa kwenye mashine. Afungue GPU-Z. Kwa 1660 Super ya kweli ataona vichoraji (Shaders) 1408, kumbukumbu GDDR6, njia ya biti 192, na kasi ya GB 336 kwa sekunde. Kadi iliyochakachuliwa, programu hiyo huiwekea alama ya feki mbele ya jina kwa zile inazozitambua. Kuna udanganyifu mdogo zaidi ambao wengi hawaugundui: GTX 1660 ya kawaida nayo ina vichoraji 1408, ila kumbukumbu yake ni GDDR5 na kasi ni GB 192 tu. Akisoma GDDR5 hapo, hiyo siyo Super, na bei ishuke.

Jambo lingine kuhusu kadi hii: ilipendwa sana na wachimbaji wa sarafu za kidijitali mpaka Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi. Zilizobaki zilimwagwa kwenye soko la mtumba. Sikukatazi kununua kadi iliyochimba. Inayofanya kazi kwa joto lisilopanda na kushuka mara nyingine huwa haijachoka kama ya mcheza gemu. Kinachochoka ni feni na ile gundi ya joto. Basi aombe waiwashe na kuipa mzigo wa FurMark, programu ya kuikamua kadi, kwa dakika kumi na tano, GPU-Z ikiwa wazi pembeni kwenye ukurasa wa vipimo. Joto likitulia kwenye nyuzi sabini na kitu, sawa. Likivuka 85 na bado linapanda, au feni zikikwaruza, au vidoadoa vya rangi vikianza kurukaruka kwenye skrini, ameshapata jibu. Duka likikataa kipimo cha robo saa kwa bidhaa ya milioni moja na laki saba, nalo ni jibu.

Akishamaliza kadi, mengine ni ya haraka. CrystalDiskInfo itamwonyesha afya ya SSD na saa ilizokaa imewashwa. Mashine inayoitwa mpya yenye diski ya saa elfu nane haihitaji maelezo. RAM ya GB 8 ndiyo kiwango cha chini cha FC 24, wao wenyewe wanapendekeza 12, kwa hiyo ukae ukijua utaongeza. Kwenye CPU-Z aangalie kama ni kipande kimoja cha 8 au viwili vya 4. Kwa kawaida ni kibaya kuwa na kimoja, maana prosesa inasoma kwa njia moja badala ya mbili, lakini kwako ni heri: ukipata hela unaongeza cha pili cha 8 na unafika 16 kwa njia mbili, hutupi kitu. Usikawie sana. Bei ya RAM dunia nzima imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinapeleka kumbukumbu kwenye vituo vya akili mnemba, na mtumba umefuata.

Valorant ina masharti yake. Ni gemu jepesi kwa kadi, lakini mlinzi wake wa kuzuia udanganyifu wa wachezaji anakagua mashine kabla ya kukuruhusu. Kwenye Windows 11 anataka TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele viwili vya usalama wa mashine, viwe vimewashwa, la sivyo utakutana na ujumbe wa VAN9001 au VAN9003 na hutacheza. i5-10400F ina uwezo huo. Kwenye BIOS, hiyo TPM huitwa Intel PTT, na mara nyingi duka linauza ikiwa imezimwa. Baya zaidi, mafundi wengi wa haraka wanaweka Windows kwa mtindo wa zamani wa MBR, na hapo Secure Boot haikubali mpaka diski igeuzwe kuwa GPT. Kaka yako abonyeze Windows+R, kisha aandike msinfo32. Mstari wa BIOS Mode usomeke UEFI na wa Secure Boot State usomeke On. Kama sivyo, wairekebishe yeye akiwa amesimama hapo hapo. Ile OptiPlex ya 2012, kwa taarifa yako, haimo kabisa kwenye orodha ya Windows 11, inayoanzia kizazi cha 8 cha Intel, na Windows 10 ilisitishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa pesa. Umepungukiwa laki mbili. Usipunguze kwenye kadi wala pawa saplai, na SSD usikubali ishuke hadi GB 256: FC 24 peke yake inataka GB 100, na GTA V nayo inazidi hapo. Punguza mataa. Mwambie kaka aulize bei ya vitu vile vile ndani ya kesi ya kawaida yenye mbele ya wavu, feni mbili zisizo na rangi, bila kibodi na mausi vinavyowaka. Kwa Tanga hiyo ndiyo kesi ningekuchagulia hata ungekuwa na milioni tatu. Kioo cha mbele kinaziba hewa, na joto la kwenu pamoja na unyevu wa bahari vinatosha bila kuongezewa.

Ikishindikana kushuka mpaka milioni na nusu, njia yangu ya pili ni hii: atafute mashine ya ofisi, ila ile pana ya kusimama, ya kizazi cha 8 kwenda juu. OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4 za umbo hilo zenye i5-8500 zinapatikana kwenye mtumba, na hizo Windows 11 inazikubali. Kadi ya kuweka humo iwe inayokula umeme kwenye sloti peke yake, bila waya. Ziko mbili za kuzingatia: GTX 1650 zile zisizo na tundu la waya, ya wati 75, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, ya wati 70. Asichanganye na RTX 3050 ya GB 8, hiyo ni ya wati 130 na inadai waya. RTX 3050 ya GB 6 inaikaribia GTX 1660 na ni mpya, ina dhamana. Kuna mwingine atamshauri RX 6400 kwa kuwa ni nafuu. Kwenye sloti za mashine za kizazi hiki inapoteza nguvu kwa sababu inatumia njia nne tu, na haiwezi kurekodi mchezo wako yenyewe. Aipite.

Risiti iwe ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kwenye karatasi ya dhamana waandike namba ya kadi ile iliyo kwenye stika yake, si "CPU moja" kama wanavyopenda. Ukirudisha mashine kwa matengenezo bila namba hiyo, huna namna ya kuthibitisha kwamba kadi iliyorudi ndiyo iliyokwenda.

Kuhusu umeme, nunua stabilaiza nzuri au UPS ndogo ya VA 650 kabla ya kununua kiti cha gemu. UPS hiyo haitakupa mechi nzima umeme ukikatika. Itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, na itapokea ule mshtuko umeme unaporudi.

Mwisho ni safari ya basi. Kadi ya grafiki imening'inia kwenye mazabodi kwa sloti moja na skrubu mbili, na mitikisiko ya buti mpaka Tanga inatosha kuvunja sloti. Waitoe dukani baada ya kipimo, waifunge peke yake kwenye boksi lenye povu, kaka aisafirishe kama mzigo wa mkononi na mtu anayemfahamu. Kesi ilale ubavu, mazabodi ikiwa chini. Ikifika, irudishe kwenye sloti ya juu ile ndefu mpaka usikie kibanio kinalia, kaza skrubu, rudisha waya wa pini nane. Waya wa HDMI wa monita uchomeke kwenye matundu ya kadi, yale yaliyolala chini, usichomeke kwenye yale ya juu yaliyo pamoja na USB. Hiyo herufi F kwenye i5-10400F maana yake prosesa haina grafiki yake ndani, kwa hiyo ukichomeka juu utapata skrini nyeusi na utanipigia simu usiku ukidhani imeharibika njiani.